Kondakta aliyerudishwa kazini ana nafasi yake kwenye foleni

Mahakama ya Kazi nchini India ikiliamuru shirika la mabasi la jimbo limrudishe kondakta liliyemfukuza, wengi huona haki imekwisha kutendeka. Kwa kondakta mwenyewe, ugomvi mwingine ndio kwanza unaanza. Akifika depo anataka kujua mambo mawili: kama atathibitishwa kuwa mwajiriwa wa kudumu, na ni tarehe ipi itakayoandikwa mbele ya jina lake kwenye orodha ya ukongwe kazini. Mara nyingi anaambiwa ashukuru amerudi, akae mwisho wa orodha.

Shirika nalo lina hoja. Aprili 2006 majaji 5 wa Mahakama ya Juu, katika kesi ya jimbo la Karnataka, waliamua kwamba ajira ya umma ni ya raia wote. Aliyeingia kama kibarua, bila nafasi kutangazwa wala kushindaniwa, hawezi kuthibitishwa na mahakama kwa sababu tu amekaa miaka mingi. Kabla ya hapo, mwaka 2003, mahakama hiyo hiyo ilimkatalia kondakta wa Andhra Pradesh. Alifukuzwa kwa utoro, akarudishwa pamoja na mwendelezo wa utumishi, yaani muda aliokuwa nje usihesabiwe kuwa pengo, akadai nyongeza za mshahara za kipindi alichokuwa nje. Majaji wakasema amri iliyomrudisha haikutaja nyongeza, basi hana dai. Kwa mtu yule sina ubishi: kosa la utoro lilithibitishwa, alichopunguziwa ni adhabu tu.

Tatizo ni pale jibu hilo hilo anapopewa mtu ambaye kosa lake halikuthibitishwa kabisa. Tazama makondakta wanavyopoteza kazi. Kikosi cha ukaguzi kinasimamisha basi njiani, kinahesabu vichwa, kinalinganisha na tiketi zilizokatwa, kisha kinahesabu pesa zilizomo kwenye mfuko wa kondakta. Tangu kesi ya kondakta wa Haryana ya mwaka 1977, abiria waliohojiwa ndani ya basi hawalazimiki kuitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Maneno yao yakisimuliwa na mkaguzi yanaweza kutosha. Na hukumu zilizofuata zimesisitiza kwamba udogo wa pesa zilizopungua si utetezi, kwa kuwa kinachopimwa ni uaminifu. Anayeponyoka kwenye tundu jembamba namna hiyo, na mahakama ikatamka kwamba alifukuzwa kwa uonevu, hajapewa hisani.

Sasa njoo kwenye siku 240. Sheria ya Migogoro ya Viwanda ya 1947, ambayo Novemba 2025 ilipisha sheria mpya yenye hesabu hiyo hiyo, ilimhesabu mfanyakazi kuwa ametumikia mwaka mzima mfululizo akifanya kazi siku 240 ndani ya miezi 12. Peke yake hesabu hiyo haimpi ajira ya kudumu, lakini inamkinga asipunguzwe kazini bila notisi ya mwezi mmoja na fidia, nayo huwa ushahidi wake mkubwa anapodai kuthibitishwa. Kwa kondakta wa akiba, yule anayeripoti depo alfajiri akisubiri mwenye zamu asitokee, kila siku ni ya kupiganiwa. Akifukuzwa, hesabu inasimama. Akirudishwa miaka kadhaa baadaye, mwajiri anamwambia siku zake hazitoshi. Lakini aliyezisimamisha ni nani? Ukikubali jibu la mwajiri, umempa faida itokanayo na kosa lake mwenyewe. Mwaka 2013, katika kesi ya mwalimu wa Maharashtra, Mahakama ya Juu ilieleza kwamba kurudishwa kazini ni kuwekwa pale ulipokuwa kabla ya kufukuzwa. Sioni namna ya kuwekwa pale bila siku zako.

Hata ile hukumu ya 2006 haifungi mlango kama inavyodaiwa. Mwaka 2009, katika kesi ya vibarua waliokuwa wakisafisha mabasi ya shirika la Maharashtra, Mahakama ya Juu ilisema mahakama za kazi bado zina uwezo wa kuamuru ajira ya kudumu pale mwajiri anapowaweka watu kwenye ukibarua miaka nenda rudi ili kuwanyima haki za wa kudumu. Desemba 2024 ikaonya waziwazi dhidi ya kuigeuza hukumu ya 2006 kuwa silaha ya kuwapiga wafanyakazi wa muda mrefu.

Wanaobaki ni wenzake kondakta aliyerudishwa, waliokuwa kazini muda wote huo, na baadhi wameshakuwa wakaguzi. Hao hawakumkosea mtu, na sitaki washushwe vyeo. Lakini miaka ya aliyefukuzwa kwa uonevu inaweza kuhesabiwa kwenye ngazi ya mshahara, kwenye kiinua mgongo na kwenye nafasi ya mkaguzi itakayofuata kuwa wazi, bila kumng'oa yeyote. Wakili wake aombe hayo yaandikwe moja moja ndani ya amri: tarehe ya kuthibitishwa, nyongeza, na namba yake kwenye orodha. Tangu 2003, neno "mwendelezo" likiachwa peke yake halimfikishi popote.