Dili la De Gea halikuuliwa na faksi
Kuna mwandishi kaandika eti De Gea, kipa wetu wa Manchester United, alikosa kwenda Real Madrid 2015 kwa sababu ya mashine ya faksi, hapo mi nakataa. Usiku ule wa Agosti 31 sikulala, dirisha la usajili la Hispania linafungwa saa sita yao, kwetu saa saba, na kilichoua dili ni kusubiri siku ya mwisho kabisa ndo waanze kuhangaika na makaratasi, tena ya watu wawili maana Navas, kipa wa Madrid, naye alikuwa aje United, yakafika yamechelewa basi. Navas huyohuyo akabaki akadaka fainali tatu za Champions League mfululizo, 2016 mpaka 2018, zote wakabeba! Na sisi De Gea alitubeba sana, msimu uliofuata akawa tena mchezaji bora wetu. Nyie mnaonaje, nani alifaidika zaidi?