Polisi aliyekutwa kwenye theluji Massachusetts, na maswali ya baba mdogo wa Moshi

Ile asubuhi ya tarehe 29 Januari 2022 mimi nlikuwa kazini, shifti ya usiku, natunza wazee hapa Brockton, na theluji ilikuwa imeanza toka usiku, upepo unapiga madirisha mpaka wazee wengine wanaamka wanauliza kuna nini. Dada aliyetakiwa kunipokea akapiga simu hawezi kutoka kwao. Nkaunganisha shifti. Boston peke yake siku ile ilipata theluji ya sentimita kama 60 kwa siku moja, na sisi tuliokulia Moshi tunaona theluji kule juu Kibo tukiwa chini na shati tu, hujui ni kitu gani mpaka ikufunike gari lote ushindwe hata kujua milango iko wapi.

Asubuhi hiyohiyo, mji wa Canton, si mbali na hapa, akakutwa mtu amelala nje kwenye uwanja wa nyumba, amefunikwa na theluji. John O'Keefe, miaka 46, polisi wa Boston, miaka 16 kazini. Na ile nyumba aliyokutwa nje yake ilikuwa ya polisi mwenzie wa Boston.

Naandika hii kwa sababu nimetoka likizo nyumbani, nimekaa Moshi wiki tatu, na kila nilipokaa watu wakijua natokea Massachusetts wananiuliza ile kesi ya yule mwanamke, Karen Read, aliyeshtakiwa kumuua huyo polisi, imeishaje. Na kila mtu anamalizia na maneno yaleyale, aisee wenzetu kule haki ipo, ingekuwa huku angeshaozea ndani. Mi nakubali nusu. Ile nusu nyingine inanisumbua na ndo nataka niiseme.

Kwanza huyu marehemu, maana watu wanamsahau. Dada yake alikufa kwa ugonjwa, na shemeji yake naye akafa muda mfupi baadae, wakabaki watoto wawili wadogo. O'Keefe hakuwa na mke wala mtoto wa kumzaa, akawachukua wapwa zake akawalea. Nlivyomsimulia mama, hata hakutaka kusikia habari za gari na mawakili, alisema tu "huyo ndo mjomba", akanyamaza. Kwa hiyo jamani tunapoongelea hii kesi kama sinema tukumbuke kuna watoto wamefiwa na wazazi mara mbili.

Kesi yenyewe kwa kifupi. Mpenzi wake, Karen Read, walikuwa wote baa usiku ule wanakunywa, wakaalikwa kwa huyo polisi mwenzie kuendelea, yule mwanamke akamfikisha kwa gari lake Lexus. Serikali inasema walikuwa wamegombana, akarudi rivasi akamgonga, akaondoka akamuacha kwenye baridi mpaka akafa. Wakamshtaki kwa mauaji. Upande wake wakasema hapana, jamaa aliingia ndani, akapigwa humo, akatolewa nje, na mapolisi wakalindana wakamtupia mzigo mwanamke. Waliokuwa ndani ya nyumba wamekana hayo yote na hakuna hata mmoja aliyeshtakiwa. Daktari aliyefanya uchunguzi wa mwili alisema kilichomuua ni majeraha ya kichwa pamoja na baridi, lakini kwamba alifikaje hapo, aligongwa au alifanyiwa nini, akaandika haijulikani. Mi nadhani kesi yote ilitakiwa ianzie kwenye hilo neno.

Sasa uchunguzi wao. Mimi baba yangu mdogo ni polisi mstaafu, alipita CCP, chuo cha polisi kilekile cha Moshi, akafanya upelelezi mikoani miaka mingi. Tumekulia kwenye nyumba ambayo alfajiri unaamshwa na makuruta wanakimbia mchakamchaka wanaimba. Siku moja tumekaa nje, yeye na kikombe chake cha mbege, akaniambia hebu nisimulie vizuri hiyo ya askari mwenzetu, nimeisikia juujuu. Nkamwambia baba, damu ilikuwa kwenye theluji, inayeyuka, hawakuwa na vifaa, wakaikusanya kwenye vikombe vya plastiki vyekundu vile vya pati, vikombe sita, wakavitia kwenye mfuko wa dukani. Akaweka kikombe chini.

"Kwenye vikombe?"

"Ndio baba."

"Vikafunikwa? Vikapigwa lakiri?"

Nkamwambia vilikuwa wazi. Na theluji ya juu waliiondoa kwa mashine ya kupulizia majani makavu. Akaniuliza nani alisaini kupokea hicho kielelezo, na saa ngapi, na kilikaa wapi kabla ya kufika maabara, maswali kama kumi mfululizo, na mimi nkaona kwamba huyu mzee wa miaka sabini na kitu anauliza yaleyale mawakili waliyouliza mahakamani siku nzima nikiangalia kwenye tivii ya ukumbini na wazee wangu. Halafu akasema kitu kimoja, "Mwanangu, hapo hata kama kweli alimuua, wameshampoteza."

Na ndo ilivyokuwa. Mpelelezi mkuu wa kesi, Michael Proctor wa polisi wa jimbo, meseji zake zikatolewa, akalazimika kuzisoma mwenyewe kizimbani Juni 2024 mbele ya juri, wale wananchi wanaoamua kama mtu ana hatia, na inaonyeshwa laivu. Alikuwa anawaandikia marafiki zake matusi kuhusu mshtakiwa, anaongelea mwili wake, na kwa dada yake aliandika kwamba anatamani huyo mwanamke ajiue. Huyu ndo aliyetakiwa kutafuta ukweli. Juri wakashindwa kukubaliana, tarehe 1 Julai 2024 kesi ikavunjika. Proctor akasimamishwa siku hiyohiyo na Machi 2025 akafukuzwa kazi. Kesi ikaanza upya 2025, safari hii serikali hata hawakumleta kutoa ushahidi, na tarehe 18 Juni juri wakasema hana hatia ya mauaji, hana hatia ya kukimbia eneo la tukio, ana hatia moja tu ya kuendesha amelewa, mwaka mmoja wa uangalizi. Wanaomuunga mkono, nje ya mahakama ya Dedham, walikuwa wamevaa pinki wanalia kwa furaha. Mama wa marehemu alikuwa ndani.

Nikirudi kwenye lile la kwamba kule haki ipo.

Ninachokitamani mimi kije nyumbani si polisi wao, maana mmeona. Polisi wao wanalindana kama popote. Ninachokitamani ni kwamba huyu mwanamke alishtakiwa kuua, tena kuua polisi, na muda wote huo alikuwa kwake. Dhamana dola 80,000, akatoa, akalala nyumbani kwao, akakaa na mawakili wake mezani wakapanga, akatafuta wataalamu. Huku kwetu Tanzania mauaji hayana dhamana, sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai iko wazi, uwe nani uwe nani unaingia mahabusu unasubiri. Na kusubiri kwenyewe mnakujua. Kesi inatajwa, upelelezi haujakamilika, rudi baada ya siku 14. Kutajwa tena, upelelezi haujakamilika. Hakimu hana mamlaka ya kuisikiliza, anaahirisha tu. Ukikamilika unasubiri sesheni ya Mahakama Kuu. Sheria ilirekebishwa 2022 kwamba mtu asifikishwe mahakamani kabla upelelezi haujakamilika, safi kabisa, lakini makosa makubwa kama mauaji yakaachwa nje ya hilo, na ndo hukohuko watu wanakaa miaka.

Mnakumbuka kesi ya bilionea Msuya wa tanzanite, aliyepigwa risasi kule Hai Agosti 2013, watu watano wakahukumiwa kunyongwa pale Moshi 2018. Halafu dada yake akauawa Kigamboni Mei 2016, akakamatwa mjane wa bilionea pamoja na mfanyabiashara mmoja. Walikaa ndani toka 2016 mpaka Februari 2024 Mahakama Kuu ilipowaachia, ikasema mashtaka hayakuthibitishwa. Zaidi ya miaka saba. Sisemi nani alifanya nini, mahakama imeshasema. Nasema hesabu tu miaka. Karen Read toka anakamatwa mpaka anaachiwa ni miaka mitatu na miezi kadhaa, na alikuwa nje. Mtu akitoka baada ya miaka saba ukamwambia hauna hatia, unamrudishia nini? Watoto wameshakua.

Baba mdogo hapa tulibishana kweli. Yeye anasema wewe unaongelea mshtakiwa tu, mimi nimeshika kesi ambazo mtuhumiwa akitoka anatisha mashahidi, shahidi ni mama muuza ndizi hapo Mbuyuni, nani atamlinda? Na anasema hao wenzenu wana kitu kibaya zaidi, juri ikishasema hana hatia basi, serikali haina pa kukata rufaa. Huku kwetu DPP, mkurugenzi wa mashtaka wa serikali, anaweza kwenda Mahakama ya Rufani. Akanitajia ile kesi ya Zombe, aliyekuwa ofisa wa polisi, wale wafanyabiashara watatu wa madini wa Mahenge na dereva teksi waliouawa Januari 2006, wakashtakiwa polisi, 2009 Mahakama Kuu ikawaachia wote, DPP akakata rufaa na 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani polisi mmoja, hukumu ya kifo, wengine akiwemo Zombe mwenyewe wakabaki huru. "Ingekuwa Marekani," akasema, "wale marehemu wanne wangebaki bila mtu." Hapo sikuwa na jibu, na mpaka leo nafikiri ana hoja. Familia ya O'Keefe sasa imebaki na kesi ya madai tu, ya kudai fidia.

Lakini mi nlimwambia baba, kilichomnyima O'Keefe haki si juri, ni vile vikombe. Ni mpelelezi aliyekuwa ameshaamua. Hata ungempa serikali rufaa kumi, damu imeshachanganyika. Akakubali kwa kichwa. Aliniambia kwenye mafunzo walikuwa wakiambiwa eneo la tukio ni la marehemu, usiingie kama kwako.

Na kuna jambo la pesa ambalo watu wa nyumbani hawalioni wakiangalia kwenye simu. Karen Read alikuwa na kazi nzuri ya mambo ya fedha, na anafundisha chuo, akapoteza kazi, akauza nyumba, watu wakamchangia, na mwenyewe amesema hadharani gharama za mawakili ni mamilioni ya dola. Serikali ya shirikisho nayo ikaingia kuchunguza ule uchunguzi wenyewe, na wataalamu wa ajali waliopatikana kwa njia hiyo ndo wakaja kusema majeraha hayafanani na ya mtu aliyegongwa na lile gari. Sasa chukua mhamiaji kama mimi, nalipwa kwa saa, wakili ni yule wa kupewa na serikali mwenye mafaili mengi kuliko nywele. Vikombe vingekuwa vilevile, Proctor angekuwa yuleyule, nani angeomba meseji zake? Nimeshaona wenzangu wa kazini wanakubali kosa ambalo wanaapa hawakulifanya ili tu wasihatarishe miaka mingi. Kwa hiyo ukisema kule haki ipo, malizia sentensi, ipo kwa anayeweza kuilipia, na hata huyo inamfilisi.

Ila kile kitendo cha mpelelezi kusimama, simu yake ikasomwa, mbele ya nchi nzima, akahojiwa na mtu ambaye hamuogopi, hicho mimi nakitaka Moshi. Kenya hapo wana IPOA, chombo cha kiraia cha kuwasimamia polisi. Sisi polisi akilalamikiwa anachunguzwa na polisi. Ile tume ya haki jinai ya Jaji Mkuu mstaafu Chande ilikabidhi ripoti Julai 2023, wananchi walisema mengi sana mle, na baba mdogo ameisoma, amepiga mistari kwa kalamu. Mtu aliyevaa magwanda maisha yake yote anataka yabadilike, basi nani anakataa?

Nasema haya kwa uchungu kwa sababu kuna kijana wa jirani yetu, tumecheza naye wote, mama yake ndo alinifundisha kupika mtori. Kulitokea ugomvi wa kilabuni mtu akafa, walikuwa wengi, akachukuliwa yeye na wenzie wawili. Huu mwaka wa nne. Nimeenda kumuona nilipokuwa likizo, amekonda, ananiuliza habari za Marekani kama mtu anayeuliza habari za sayari nyingine, halafu akaniuliza kama ni kweli kule mtu wa kesi ya mauaji anaweza kulala kwao. Nkamwambia ni kweli, baadhi. Mama yake amesimama pembeni ameshika kikapu.

Tumefungua kagrupu ka kumchangia wakili, tuko watu 31, tumefika kama nusu ya alichotaja. Kesi inatajwa tena Alhamisi ijayo.