Mwagizaji wa Kahawa Maalumu Anunue na Magunia ya Pili

Katika biashara ya kahawa maalumu, yaani kahawa ya ubora wa juu inayopewa alama kwa kuonjwa, tumezoea kumsifu mwagizaji kwa bei aliyolipa kwa gunia lake bora. Mimi naona kipimo hicho hakitoshi. Anayetaka kujua kama mwagizaji anashirikiana na mkulima, au anadonoa tu kilichonona katika mavuno yake, aulize habari za magunia ambayo mwagizaji huyo hakuyachukua, yaliuzwa kwa nani, na kwa bei gani.

Nasema hivi kwa sababu nami nimewahi kununua vibaya. Katika msimu wangu wa kwanza nililetewa sampuli kadhaa za shamba moja. Nilipoziweka mezani na kuzionja, moja ilipata alama 87 kati ya 100 na nyingine zote zikawa kati ya 81 na 83. Nilichukua magunia 5 ya ile ya kwanza, nikalipa bei ambayo niliiona ya haki, nikaondoka nikiamini kwamba nimemtendea mkulima wema. Mwaka uliofuata alinifungulia daftari lake. Magunia 22 yaliyobaki yalikuwa yameuzwa kwa dalali kwa bei ya kahawa yoyote ile, ilhali gharama ya kuchuma kwa uangalifu, kumenya, kuanika na kuchambua ilikuwa imebebwa na magunia yote 27. Fedha zangu hazikuweza kuziba pengo hilo.

Asiyewahi kuona mavuno huenda asitambue uzito wa jambo hili. Matunda ya arabika, aina ya kahawa tunayoinunua, hayaivi kwa pamoja. Tawi moja hubeba mabichi, mabivu na yaliyopitiliza, kwa hiyo anayetafuta ubora hulazimika kuupitia mti uleule mara kadhaa katika msimu mmoja, akichuma mekundu tu na kumlipa kibarua kwa kila mzunguko. Yakishachumwa hayangoji, kwani yakilala kwenye gunia huanza kuchacha ovyo na ladha huharibika. Na baada ya jasho lote hilo, kilo 5 hadi 6 za matunda hutoa takriban kilo 1 ya kahawa mbichi iliyokobolewa. Hakuna mkulima anayejua asubuhi ni ndoo ipi itakayofikia alama 87. Kazi ya ubora huifanya katika shamba zima, kisha sisi waonjaji tunamlipa kwa kipande cha kazi hiyo na kukiita kipande hicho ushirikiano.

Jina la kahawa maalumu lilienezwa na Erna Knutsen mwaka 1974, naye alikuwa akizungumzia kahawa inayopata ladha ya pekee kutokana na mazingira mahususi ilikokulia. Baadaye ikaja ile tarakimu ambayo sote tunaifuata kama kiwango cha chini cha kahawa maalumu, alama 80 kati ya 100. Kwa hiyo kahawa ya alama 82 ni kahawa maalumu kwa kipimo tulichokiweka wenyewe, na bado ndiyo tunayoikataa kila msimu kwa madai kwamba haina hadithi ya kumsimulia mteja.

Kahawa tunayoikataa huangukia bei ya soko la New York. Huko arabika huuzwa kwa mikataba ya ratili 37,500 kila mmoja, na bei yake haimuulizi mtu alichuma vipi. Tangu mfumo wa migawo ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa, uliowekea nchi kikomo cha kahawa ya kuuza nje, ulipovunjika mwaka 1989, bei hiyo imekuwa ikipanda na kushuka bila breki: mwishoni mwa mwaka 2001 ilikuwa chini ya nusu dola kwa ratili, na Februari 2025 ilipita dola 4. Hakuna anayeweza kupanga ada za shule, mbolea na miche mipya juu ya msingi wa namna hiyo. Magunia 5 yenye bei nzuri hayamkingi mkulima ambaye magunia yake 22 yanayumbishwa na soko.

Waagizaji wenzangu hunijibu kwamba wakaangaji hawataki kahawa ya alama 82. Jibu hilo silikubali. Mkaangaji huweka jina la shamba kwenye pakiti chache za maonyesho, lakini sehemu kubwa ya kahawa anayouza ni ya mchanganyiko wa kila siku, na mchanganyiko huo hutengenezwa kwa kahawa safi, tamu, isiyo na kasoro, yenye alama hizo hizo za 81 na 82. Kahawa hiyo anainunua tayari. Anainunua tu kutoka ghalani, kwenye rundo lisilo na mwenyewe, huku aliyemletea ile ya alama 87 akitafuta dalali.

Hata hesabu ya meli iko upande wangu. Kontena la futi 20 huchukua magunia 320 hivi ya kilo 60. Anayesafirisha vifurushi vya magunia matatu matatu kutoka mashamba mengi hulipia uchambuzi, nyaraka, mifuko ya ndani ya kuzuia unyevu na vipimo vya kila kifurushi, na gharama hizo zote humrudia kwenye kilo. Anayechukua mavuno yote ya majirani wachache hulijaza kontena kwa kazi ndogo zaidi.

Ugumu wa kweli, na sitaki kuuficha, ni fedha na wakati. Mkulima anahitaji pesa wakati wa kuchuma, mkaangaji hulipa baada ya kupokea mzigo, na kati yao kuna miezi ya kukausha, kukoboa, kusafirisha na kuhifadhi. Mwagizaji anayechukua magunia 27 badala ya 5 hubeba mkopo mkubwa zaidi, na kahawa mbichi nayo huchakaa ladha ikikaa ghalani mwaka mzima. Kwa sababu hiyo naamini mkataba utiwe saini kabla ya mavuno, sehemu ya malipo itangulie, na bei iwe na sakafu isiyoshuka lakini inayopanda soko likipanda. Bei iliyofungwa kabisa ilionekana kuwa ulinzi hadi soko liliporuka, ndipo ikawa kifungo kwa mkulima.

Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 kuhusu bidhaa zinazohusishwa na ukataji wa misitu inamtaka mwagizaji ajue kahawa yake ilitoka kwenye kipande gani cha ardhi, kwa vipimo vya ramani. Kama tunaweza kujua shamba liko wapi kwa usahihi huo, tunaweza pia kujua mavuno mengine ya shamba hilo yalikwenda wapi.

Msimu uliofuata baada ya kuliona daftari lile, nilichukua magunia yote kutoka kwa mkulima yule. Mkaangaji mmoja alinunua 22 kwa mchanganyiko wake wa kila siku, na aliponiuliza aandike jina gani kwenye pakiti, nilimpa lilelile lililokuwa kwenye pakiti za alama 87.