Mwacheni Sungura, Ulizeni Damu ya Ndama

Kwenye kundi letu la familia la WhatsApp, picha ya yule sungura wa kijani imefufuka tena. Safari hii imeletwa na shangazi, imejaa mishale myekundu, aya ya Ufunuo na onyo kwamba wanasayansi "wamemuumba wiki iliyopita". Nilianza kujibu, nikafuta. Shangazi hasahihishwi mbele ya watu. Kwa hiyo naandika hapa, ambako hapiti.

Sungura huyo anaitwa Alba, na ni wa mwaka 2000. Msanii Eduardo Kac, Mbrazili aliyehamia Chicago, alitangaza kwamba kazi yake mpya ni sungura aliyetiwa jeni ya yavuyavu, ile inayofanya mwili ung'ae kijani ukimulikwa kwa taa ya buluu. Sungura mwenyewe alikuwa wa taasisi ya utafiti ya INRA huko Ufaransa, nayo ikakataa kumtoa. Baadaye mtafiti wa huko, Louis-Marie Houdebine, akasema picha ile imetiwa chumvi, manyoya hayang'ai namna hiyo. Yaani zaidi ya miaka ishirini watu wanatangaziwa kiama kwa picha iliyokolezwa rangi. Mpiga picha wa harusi angetufanyia hivyo tungemdai pesa zetu.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba Kac si mtu wa vituko tu. Mwaka 1999 alichukua maneno ya kitabu cha Mwanzo yanayompa binadamu utawala juu ya samaki, ndege na kila kiumbe kiendacho, akayageuza kuwa alama za Morse, kisha herufi za DNA, akayapandikiza ndani ya bakteria. Watazamaji waliweza kuwasha taa ya urujuanimno kupitia intaneti. Mwanga huohuo wa kuwamulika bakteria ndio uliowabadilisha, na aya ikabadilika pamoja nao. Mtu anatumia utawala wake kwa kidole kimoja, na maneno yaliyompa utawala yanaharibika. Shangazi angeletewa hii angalau angekasirika kwa sababu ya maana.

Lakini kinachonikera si shangazi. Kinachonikera ni kwamba mjadala mzima wa sanaa hii ya viumbe hai, hata kwa wasomi wenye shahada za kujaza ukuta, huishia palepale: je, binadamu anacheza nafasi ya Mungu? Swali tamu hilo. Linampa kila mtu nafasi ya kutoa hotuba, na halimgharimu mtu yeyote senti. Swali la nani aliombwa ruhusa, na nani analipa, linabaki mlangoni.

Ndiyo maana kazi ninayoiheshimu kuliko zote ni kijaketi cha kumtosha mwanasesere. Oron Catts na Ionat Zurr, wasanii walioko Perth, Australia, walikionyesha mara ya kwanza mwaka 2004. Hakikushonwa. Kilioteshwa kwa seli hai ndani ya chupa, zikitambaa juu ya umbo la plastiki inayooza, na mrija unaodondosha chakula. Wakakiita "Ngozi Isiyo na Mhanga". Ahadi ikawa tamu mno: utavaa ngozi na ng'ombe hatachinjwa! Watu wakapiga makofi.

Sasa uliza hizo seli zilikula nini. Seli za maabara kwa kawaida zililishwa maji yatokanayo na damu ya ndama ambaye hajazaliwa. Ng'ombe mwenye mimba anachinjwa, mtoto anatolewa, damu inavutwa kutoka moyoni mwake. Hiyo ndiyo ngozi isiyo na mhanga. Na hawa wawili hawakuficha. Wamelisema na kuliandika wenyewe, kwa sababu jina la kazi ni mtego. Mhanga hajaondoka, amesogezwa nyuma ya pazia, mahali ambapo mnunuzi hafiki. Huo ndio utaratibu wa kila kitu safi tunachouziwa, na hapa umewekwa ndani ya chupa moja, unauona kwa macho.

Mwaka 2008 kijaketi kilipelekwa MoMA, jumba la sanaa ya kisasa la New York. Kikakua kupita kiasi, mirija ikaanza kuziba, na msimamizi wa maonyesho, Paola Antonelli, akalazimika kukikatia chakula. Jumba la sanaa likaua jaketi! Hakuna mchoro ninaoujua uliowahi kumpa mtu wa makumbusho kazi ya namna hiyo.

Serikali nazo zina yao. Mwaka 2004, huko Buffalo, msanii Steve Kurtz alipiga simu ya dharura kwa sababu mkewe alikuwa amefariki. Polisi wakaona vifaa vyake vya maabara na bakteria wa maonyesho, wakaita FBI, akachunguzwa kwa ugaidi. Kesi ikaishia kuwa ya udanganyifu wa posta, kwa bakteria wa dola 256 waliotumwa kwa posta, na jaji akaitupa mwaka 2008. Mkewe alikufa kwa ugonjwa wa moyo.

Na wanaochukua viumbe kwa magunia? Henrietta Lacks, Mmarekani mweusi aliyeugua saratani, alichukuliwa seli Baltimore mwaka 1951 bila kuombwa ruhusa, na zinaendelea kuzaana maabara duniani kote. Huku kwetu, vijidudu vya Ziwa Bogoria vilikwenda ng'ambo, vikatoa vimeng'enya vya sabuni na vya kufubaza jinzi. Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya likalalamika hadharani kwamba nchi haikupata chochote. Jinzi zilizofubazwa kwa ujanja wa Bogoria huenda zimerudi kwetu ndani ya marobota ya mitumba, tukapigania bei. Hilo halijawahi kutumwa kwenye kundi letu na mishale myekundu.

Ningependa msanii wa kwetu aiguse habari hiyo. Si lazima awe na maabara. Wangechi Mutu alichukua michoro ya zamani ya uvimbe wa kizazi, akabandika juu yake nyuso za wanawake, na ukizitazama huna pa kukimbilia. Lakini mimi namtaka yule wa kulowesha jinzi ya mitumba pale Bogoria na kuiacha ziwani mpaka ifubae yenyewe. Kibali ataomba kama watafiti, na sidhani kama kwenye fomu kuna kisanduku cha msanii.