Kutafsiri sentensi za habari kutoka Kichina: zoezi zuri, msamiati finyu

Tangu Desemba 2013, mtihani wa Kiingereza wa vyuo vikuu vya China, daraja la nne na la sita, unamtaka mwanafunzi atafsiri aya nzima ya Kichina kwa Kiingereza. Daraja la nne aya huwa na herufi 140 hadi 160, la sita 180 hadi 200. Muda ni nusu saa, na sehemu hiyo hubeba asilimia 15 ya alama. Wanaotaka ufasiri uwe kazi yao husonga mbele hadi CATTI, mtihani wa taifa wa wafasiri na wakalimani ulioanza 2003, au shahada ya uzamili ya ufasiri iliyoanzishwa 2007. Kwa wote hawa ushauri unaotolewa sana ni mmoja: kila siku chukua sentensi chache za habari, zitafsiri, linganisha na tafsiri iliyochapishwa, kisha andika maneno mapya daftarini.

Ushauri huo nauunga mkono kama mazoezi ya kutafsiri. Kama njia ya kujenga msamiati, unanitia wasiwasi.

Tuanze na uzuri wake, kwa sentensi ya aina inayojaa magazeti ya miji ya China. Neno kwa neno inasema hivi: mwaka jana, jiji zima, kujenga shule mpya 30, kuongeza xuewei wan mbili, yaani elfu ishirini. Hakuna aliyetajwa kuwa mjenzi. Kitenzi hakionyeshi wakati, na kati ya vipande viwili kuna mkato tu. Kiingereza hakiruhusu hayo. Mfasiri lazima aamue: ni serikali ya jiji iliyojenga, au aseme tu kwamba shule zilijengwa? Je, nafasi mpya zimetokana na shule hizo 30, au ni habari mbili zilizowekwa pamoja? Na hiyo xuewei kamusi nyingi huitaja kwanza kama shahada ya chuo, lakini katika habari ya shule za msingi maana yake ni nafasi ya mwanafunzi kusoma. Aliyekariri orodha ya maneno ataandika kwamba jiji limetoa shahada elfu ishirini. Aliyezisoma habari zenyewe hatanaswa. Sijui zoezi jingine linalomlazimisha mtu kufanya maamuzi mengi hivyo ndani ya mstari mmoja.

Halafu kuna tarakimu. Kichina huhesabu kwa wan, yaani elfu kumi, na kwa yi, yaani milioni mia. Watu bilioni 1.4 kwa Kichina ni yi 14. Sisi tunaosema laki tunaelewa jinsi akili inavyokwama kidogo inapobidi laki tatu igeuke elfu mia tatu katikati ya maongezi. Habari za uchumi hazimpi mfasiri nafasi ya kuzikwepa hesabu hizi, na kwa hakika hazizoeleki bila kurudiwarudiwa.

Shida inaanzia kwenye daftari la maneno. Habari za serikali, ambazo ndizo hupatikana kwa urahisi zaidi zikiwa na tafsiri yake, hutumia vitenzi vilevile kila siku: jiaqiang, kuimarisha, tuijin, kusukuma mbele, jiakuai, kuharakisha. Msikilizaji wa Radio China Kimataifa, inayotangaza kwa Kiswahili tangu 1961, anaujua mdundo huo, maana “kusukuma mbele” kwake ni jambo la kila taarifa. Joan Pinkham, Mmarekani aliyefanya kazi Beijing ya kusahihisha tafsiri za namna hii, alichapisha mwaka 2000 kitabu kizima kuhusu Kiingereza chenye sura ya Kichina. Mfano wake mmoja ni “accelerate the pace of economic reform”, yaani kuharakisha mwendo wa mageuzi ya uchumi. Kitenzi tayari kimebeba maana ya mwendo. Kuutaja mwendo tena ni mzigo wa bure. Mwanafunzi anayesahihisha kazi yake kwa kufuata tafsiri zenye mizigo hiyo huikariri kama Kiingereza sanifu.

Tena majina rasmi hubadilika. Mpango wa Ukanda na Njia uliotangazwa 2013 uliitwa kwanza “One Belt, One Road”. Mwaka 2015 serikali ya China ikaelekeza jina lingine la Kiingereza, na “one” zote mbili zikaondoka.

Mtafiti Paul Nation alikadiria mwaka 2006 kwamba kusoma gazeti au riwaya ya Kiingereza bila msaada kunahitaji familia za maneno 8,000 hadi 9,000, kila familia ikiwa neno pamoja na maumbo yake. Sentensi za sera, hata zikiwa nyingi, huzunguka katika sehemu ndogo ya hazina hiyo. Mtu anaweza kuandika vizuri juu ya maendeleo endelevu akashindwa kumweleza daktari kwamba kifua kinabana.

Watetezi wana jibu zito: mfasiri wa China atalipwa kutafsiri ripoti, mikataba na mikutano ya waandishi wa habari, kwa hiyo na ajifunze lugha ya kazi yake. Nakubali, kwa kiasi. Lakini mkalimani Zhang Lu alipata sifa nchi nzima Machi 2010, katika mkutano wa Waziri Mkuu Wen Jiabao na wanahabari, kwa jinsi alivyotafsiri ubeti wa mshairi Qu Yuan wenye umri wa zaidi ya miaka 2,000. Kufa mara tisa kwa Kichina akakufanya kufa mara elfu kwa Kiingereza. Orodha ya istilahi za bajeti haimfikishi mtu hapo.

Kwa hiyo aliyebakiza wiki sita kabla ya mtihani akariri tu istilahi, maana zitaulizwa. Aliye mwaka wa kwanza ningempa habari za mahakama, mafuriko, bei za sokoni na mpira kabla ya hotuba za viongozi. Tena, baada ya kutafsiri, asome jinsi Reuters au AP walivyoandika tukio hilohilo kwa Kiingereza, kisha ndipo afungue tafsiri rasmi. Na daftarini aandike kirai kizima pamoja na habari alikokitoa.