Stesheni Wagoni Ianze na Breki, Injini Ifuate

Dodoma ni mji wa mashangingi. Tangu shughuli za Serikali zihamie huku na Mji wa Serikali kujengwa Mtumba, barabara ya Morogoro imejaa Land Cruiser zenye vioo vyeusi, na pembeni yake wanapita vijana wenye saluni za Toyota kama Brevis, Verossa na Mark II zilizoshushwa hadi bampa linakaribia kugusa lami. Mtu anayetumia akiba yake kufufua stesheni wagoni ya miaka ya 1990, gari ambalo paa lake huendelea hadi nyuma kabisa juu ya buti, hana kundi kati ya hayo mawili, na kila anaposimama kituo cha mafuta huulizwa swali moja: umefunga injini gani? Ninaandika kupinga mpangilio wa swali hilo. Injini ni jambo la mwisho katika gari la kuunda nyumbani, na stesheni wagoni hulidhihirisha hilo kuliko gari lingine lolote, kwa kuwa ndiyo inayotoka asubuhi ikiwa na dereva peke yake na kurudi jioni ikiwa na watu watano na magunia mawili ya mahindi.

Wamarekani wana mtindo wa kuunda magari uitwao protuaringi, ulioshika kasi kuanzia miaka ya 1990. Mtu huchukua gari la miaka ya 1960 au 1970, kama vile Chevrolet Camaro au Chevelle, akaiacha bodi na sura yake ya kale, kisha chini yake akaweka breki, springi, shokapu, stelingi na matairi ya kisasa, ili gari likate kona, lisimame na lisafiri mbali kama gari jipya. Injini zinazopendwa zaidi ni V8, yaani za silinda nane, za familia ya LS, ambazo General Motors ilianza kuzitoa mwaka 1997 katika Corvette, zikiwa na lita 5.7. Wapo wanaofanya hivyo hata kwa stesheni wagoni zilizokuwa zikipeleka watoto shule. Sisi huku tunazitazama picha zao, tunaona rimu na injini, tunaiga hivyo viwili, na kuacha kazi yote iliyofanyika katikati.

Wala stesheni wagoni si kitu kigeni kwetu. Peugeot 504 yenye safu tatu za viti ilibeba abiria Afrika Mashariki kwa miaka mingi, na jina la 504 lilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena mwaka 1978. Kilichonivutia katika gari lile ni kwamba kiwanda hakikurefusha bodi tu: wakati saluni nyingi za 504 zilikuwa na magurudumu ya nyuma yanayojitegemea, stesheni wagoni ilipewa ekseli nzima, yaani mhimili mmoja unaounganisha magurudumu yote mawili ya nyuma, na springi nne za koili, mbili kila upande. Walijua kwamba mzigo hubadilisha tabia ya gari, na wakauandalia sehemu yake. Kama spea za 504 zingekuwa rahisi kupatikana leo, ningeanza na hiyo. Nilichagua Toyota Mark II ya toleo la X70, stesheni wagoni iliyoanza kutengenezwa mwaka 1984 na kuendelea hadi 1997, huku saluni za jina hilohilo zikibadilishwa umbo mara kadhaa. Inasukumwa na magurudumu ya nyuma, injini yake ya 1G ina silinda sita kwenye mstari mmoja, na fundi yeyote aliyekulia katika gereji za Kitanzania anaifahamu familia yake.

Sasa breki. Safari ya kutoka Dodoma hadi Morogoro ni takriban kilomita 260, na anayeifanya anajua kwamba haiendeshwi kwa mwendo mmoja. Chamwino, Buigiri, Chalinze ya huku Dodoma, Mbande, Kibaigwa, Pandambili, Gairo: kila mahali kuna kibao cha 50, na nyuma ya baadhi ya vibao kuna tochi ya trafiki ya kupima mwendo. Gari lenye uzito wa tani 1.5 linalokwenda kilomita 100 kwa saa hubeba nishati ya takriban kilojuli 580, na likiwa kwenye 50 hubeba robo yake tu. Maana yake ni kwamba kila unapoingia kijijini, kilojuli 435 au karibu na hapo hazina pa kwenda ila kwenye joto, na sehemu kubwa ya joto hilo huishia kwenye diski, pedi na mafuta ya breki. Jaza watu na magunia hadi uzito ufike tani mbili, na joto hilo huongezeka kwa theluthi. Fanya hivyo kijiji baada ya kijiji, au teremka mlima Nyang'oro ukitokea Iringa kuelekea Mtera kwa gia kubwa, na utafahamu kwa nini pedali huanza kulegea mguuni. Kuongeza nguvu ya injini katika gari la namna hiyo kabla ya kugusa breki ni kununua mwendo ambao huna namna ya kuurudisha.

Kwa hiyo fedha ya kwanza ilikwenda kwenye diski kubwa za mbele zenye nafasi ya hewa katikati, kaliper za modeli ya baadaye ya Mark II, mipira mipya ya breki na mafuta ya breki ya daraja la DOT 4. Mafuta hayo yakiwa mapya huchemka kwa nyuzi 230 au zaidi, lakini hufyonza unyevu kadiri yanavyokaa, na kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155. Ndiyo maana nashangazwa na watu wanaobadilisha oili ya injini kwa bidii na kuyaacha mafuta ya breki hadi yawe na rangi ya chai ya rangi.

Kuna kifaa kimoja ambacho mafundi wengi hukiruka au hukiondoa kabisa. Stesheni wagoni na pikapu nyingi zenye ekseli nzima hutoka kiwandani zikiwa na vali ya kugawa presha ya breki za nyuma kwa kufuata mzigo: mkono wake umefungwa kwenye ekseli, na gari likilemewa nyuma, vali hufunguka na kupeleka presha zaidi magurudumu ya nyuma, kwa kuwa sasa yana uzito wa kuyashikilia barabarani. Ukilishusha gari kwa springi fupi bila kuurekebisha mkono huo, vali hudhani kwamba gari limejaa siku zote. Utakanyaga breki kwa nguvu ukiwa peke yako kwenye lami yenye maji ya mvua za Januari, magurudumu ya nyuma yatafunga kabla ya yale ya mbele, na mkia utataka kutangulia. Nimesikia watu wakiilaumu barabara, matairi na hata upepo wa Dodoma kwa jambo hilo. Kurekebisha vali kunahitaji spana, kipimo cha presha na uvumilivu wa fundi, basi.

Kushusha gari kwenyewe ni mjadala ambao najua nitapoteza marafiki kwa ajili yake. Wamarekani hushusha kwa sababu wanaendesha kwenye viwanja vilivyosawazishwa na barabara pana. Sisi tuna matuta ambayo kila aliyeyajenga alitumia kipimo chake, na mitaa mingi ya Nzuguni, Ipagala au Veyula ambako lami huisha na makorongo ya mvua huanza. Stesheni wagoni ina mkia mrefu nyuma ya gurudumu, kwa hiyo ndiyo ya kwanza kukwaruza. Langu lipo karibu na kimo chake cha kiwandani. Utulivu kwenye kona nimeutafuta kwa stabilaiza nene, yaani vyuma vinavyozuia bodi kulala upande, bushi mpya kila mahali, shokapu zinazorekebishika ugumu, na springi za nyuma ambazo koili zake za mwanzo ni laini na zinazofuata ni ngumu, ili gari lisirukeruke likiwa tupu wala lisikae chini na kuelekeza taa machoni mwa wenzako likiwa limejaa. Rimu ni za inchi 16. Najua 18 zinapendeza, lakini ukuta mwembamba wa tairi hauna cha kusema mbele ya shimo la ghafla. Zaidi ya ukubwa, soma namba zilizo ubavuni mwa tairi: 91 maana yake ni kilo 615 kwa tairi moja, 95 ni kilo 690, na tarakimu nne za mwisho baada ya herufi za DOT hutaja wiki na mwaka wa kutengenezwa. Tairi la mtumba lenye kashata nzuri na umri wa miaka kumi si la kulipa hata shilingi moja.

Kuhusu bodi nitasema machache, kwa sababu kunyoosha, kupiga puti na rangi kila mtu ana fundi wake anayemwamini. Ila stesheni wagoni ina tabia moja ya hewa ambayo mwenye saluni hana haja ya kuijua. Mgongo wake uliosimama wima huacha nyuma yake eneo lenye presha ndogo, na ukifungua kioo cha mlango wa nyuma, eneo hilo huvuta moshi wa ekzosi na vumbi na kuvirudisha ndani walikokaa watoto. Hivyo bomba la moshi lazima litokeze nje ya bodi kabisa, raba za mlango wa nyuma ziwe mpya, na kwenye barabara ya vumbi feni ya ndani iwashwe ili presha ya ndani izidi ya nje. Bomba fupi linaloishia chini ya sakafu, ambalo vijana hulipenda kwa mlio wake, katika gari hili ni hatari kwa afya ya abiria.

Joto nalo lina hesabu zake huku kwetu. Dodoma ipo takriban mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na kwenye kimo hicho maji huchemka karibu na nyuzi 96. Mfuniko mzima wa rejeta, kwa kushikilia presha, huongeza kiwango hicho kwa takriban nyuzi 20, jambo linaloufanya mfuniko huo wa bei ndogo kuwa spea muhimu kuliko feni tatu za mapambo. Tatizo jingine ni maji yenyewe. Maji ya visima ya eneo hili yana chumvichumvi, kama sufuria na birika zetu zinavyoshuhudia, na ukoko unaoganda kwenye birika ndio unaoganda ndani ya mirija ya rejeta. Kulitilia gari maji hayo kisha kumlaumu aliyeuza injini kwa kuchemka ni dhuluma. Tumia kipoza injini kilichochanganywa na maji yasiyo na madini. Na kwa kuwa vumbi ni letu kuanzia Juni hadi mvua zianze, boksi la filta la kiwandani libaki mahali pake: ile filta ya wazi inayokaa juu ya injini huvuta hewa ya moto na vumbi jingi, na faida yake iliyo dhahiri ni kelele.

Hayo yote yakiisha, injini iingie. Nilifunga 1JZ-GE, injini ya Toyota ya lita 2.5, ambayo ile yenye VVT-i, mfumo unaobadilisha muda wa kufunguka kwa vali, ilitoka kiwandani na nguvu farasi 200, pamoja na giaboksi yake, difu imara zaidi na wayaringi iliyofungwa upya na fundi umeme asiyependa kuunganisha nyaya kwa selotepu. Kwa hewa nyepesi ya kimo chetu, injini isiyo na tabo hupoteza takriban moja ya kumi ya nguvu hizo, na bado zilizobaki zinatosha kumpita lori pale ambapo mstari unaruhusu, bila kushika roho mkononi. Namba ya injini ikibadilika, kadi ya gari nayo irekebishwe Mamlaka ya Mapato (TRA), na kampuni ya bima iambiwe kwa maandishi, maana bima kubwa iliyokatwa kwa injini ya awali ya lita 2.0 inaweza kukataliwa siku unapoihitaji.

Barabarani, tofauti na shangingi ni kubwa kuliko nilivyodhani kabla ya kuanza kazi. Land Cruiser ya V8 ina uzito wa zaidi ya tani 2.5 na kitovu chake cha uzito kipo juu. Kwenye njia mbaya ya kwenda mashambani haina mpinzani, na sina ubishi juu ya hilo. Lakini safari zetu nyingi ni za lami, iwe Kondoa hadi Babati, Manyoni hadi Singida, au Mtera hadi Iringa, na kwenye kona za milima ya njia hizo stesheni wagoni ya chini, nyepesi, yenye breki zilizopimwa na mzigo, hukaa barabarani kwa utulivu ambao gari refu haliwezi kuupata bila kupunguza mwendo. Buti lake humeza vitu vilevile. Mafuta inayotumia ni machache kuliko ya V8, ingawa sitadai kwamba silinda sita ni za mtu anayebana matumizi.

Breki za nyuma za langu bado ni za ngoma, na vijana wa gereji hunikumbusha kila wiki kwamba diski zingependeza zaidi ndani ya rimu zile. Zikirekebishwa vizuri, ngoma zinatosha kwa kazi ya nyuma, na breki ya mkono hushika vyema zaidi mlimani. Fedha ya diski hizo nimeamua inunue mikanda mitatu mipya ya kiti cha nyuma, kwa sababu iliyopo ni ya umri uleule wa gari.