Eti Mbeya tunapungua? Tusizisome hivi hesabu za watu

Juzi kwenye mkutano wa mtaa hapa Uyole jamaa kasimama na simu yake anasema sensa ya 2012 mkoa wa Mbeya ulikuwa na watu 2,707,410, ya 2022 tuko 2,343,754, sasa shule mpya ya nini wakati watu wanapungua. Namba zote mbili ni sahihi kabisa, ila 2016 Songwe ilikatwa ikawa mkoa wake na 2022 ilikuwa na watu 1,344,687, ukijumlisha tumeongezeka karibu milioni moja!

Wasioamini makadirio ya watu wa miaka ijayo wana hoja lakini, tena nzito. Kati ya 2002 na 2012 watu nchini waliongezeka kwa asilimia 2.7 kwa mwaka, kati ya 2012 na 2022 ikaja 3.2. Hiyo nusu asilimia unaiona ndogo, ila chukua milioni 61.7 za 2022 zipeleke mpaka 2050, kwa 2.7 unapata kama milioni 130 na kwa 3.2 kama milioni 149, yaani tofauti yake tu inazidi mara tatu ya Mbeya, Songwe, Iringa na Njombe kwa pamoja. Na kuna mambo fomula haiyaoni. Aliyepiga hesabu miaka ya 70 angejuaje kuhusu UKIMWI, kwamba kule Makete bibi atabaki na wajukuu baada ya kuwazika wanae, halafu baadae dawa zije watu waishi? Hata Marekani, wanasayansi wawili, Pearl na Reed, walikadiria 1920 kwamba watu wa nchi yao wataishia kama milioni 197, sensa ya 1970 ikahesabu zaidi ya milioni 203.

Ila mi nakataa kusema basi tuyatupe makadirio. Mtoto wa kuanza la kwanza miaka minne ijayo ameshazaliwa, yuko mgongoni kwa mama yake pale sokoni Mwanjelwa, huyo hatumkisii, tunamhesabu. Kubahatisha kwingi kuko kwa watoto ambao hata mama zao hawajazaliwa, na kwa mtaa kama wetu kuko kwa wahamiaji, maana mashamba ya mahindi yanageuka viwanja kila msimu.

Kwahiyo mkutanoni niliomba tupewe namba mbili za wanafunzi watakaokuja, ya chini na ya juu, madarasa tuanze kujenga kwa ile ya chini lakini eneo tutenge la ile ya juu, maana zile heka zikishauzwa watu wakajenga hatuzipati tena.